Kiwanja Chako, Risasi ya Nani?

Mtu akishanunua kiwanja, akakizungushia ua na hati akaitia kabatini, je, ana ruhusa ya kusimama uani kwake Jumapili jioni na kulenga makopo kwa bunduki kwa ajili ya kujifurahisha tu? Swali hili si la mzaha. Huzuka kila mahali penye fedha, ardhi na silaha kwa pamoja, na katika Kenya vitu vitatu hivyo vilikutana mapema sana katika Bonde la Ufa la kati: Nakuru, Njoro, Gilgil, Elementaita na Naivasha.

Msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu ataweza kusema kwamba hayo ni ya bara, na wa bara wana wenyewe. Hasha. Mtaa wa Bondeni mjini Nakuru una misikiti na Waislamu wa miaka mingi, na wengi wetu tuna shangazi, binamu au wakwe huko. Isitoshe, siku hizi watu wa pwani wananunua viwanja Nakuru na Naivasha kama vile wa bara wanunuavyo Mtwapa na Kilifi. Mtu anunuaye kiwanja hununua na jirani, naye jirani huenda akawa na bunduki.

Bunduki yenyewe si ngeni kwetu. Wazee wetu waliijua tangu zama za magobori, ikashindiliwa baruti na kulipuliwa katika harusi ili bwana harusi ajulikane kwamba amefika. Unguja mzinga ulipigwa magharibi ya Ramadhani watu wakafuturu. Lakini ule ulikuwa mlio wa baruti, kila mtu akijua saa yake na sababu yake, na ndani ya mtutu mara nyingi hamkuwa na kitu cha kumfikia mtu wa mtaa wa pili. Wanaosema leo kwamba kupiga risasi hewani ni mila ya harusi wanachanganya vitu viwili ambavyo havifanani hata kidogo.

Huko Bonde la Ufa historia ni nyingine. Lord Delamere alipata ardhi yake ya kwanza Njoro mwaka wa 1903, ekari laki moja, na baadaye akaingia Soysambu kando ya Ziwa Elementaita. Mwaka wa 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, aliteremka Mombasa na mwanawe Kermit, wakapanda reli kwenda bara na msafara wa wapagazi wengi, miongoni mwao watu wetu wa pwani. Kufikia mwisho wa safari yao wawili hao walikuwa wameua wanyama wapatao mia tano na kumi na wawili, na Ziwa Naivasha lilikuwa moja ya vituo vyao. Huko walikwenda kwa ajili ya viboko. Kwa walowezi wa zama hizo bunduki ilikuwa sehemu ya nyumba kama kiti cha barazani. Shamba lilikuwa la maelfu ya ekari, na mwenye nalo alijiona kwamba akipiga risasi hapana wa kumwuliza. Mwafrika aliyekuwemo humo alikuwa kibarua au, akionekana mahali asipotakiwa, mwizi.

Fikira hiyo haikuondoka na bendera ya mkoloni. Imebaki, na imewapata warithi wapya wa kila rangi.

Sheria, walakini, ilibadilika. Tarehe 19 Mei 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama wa porini nchini kote. Kwa miaka kadhaa baadaye uwindaji wa ndege kama kanga na kwale uliendelea kwa leseni, na wako watu wa Nakuru na Naivasha waliofanya mazoea ya kutoka na bunduki za marisau mwisho wa juma. Halafu ikaja Sheria ya Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, nayo ikatamka waziwazi kwamba kuwinda kwa mchezo au kwa burudani ni kosa. Sheria haikumwachia mwenye shamba mlango wa nyuma eti kwa kuwa mnyama amekuja mwenyewe uani. Digidigi aliyeruka ua wako si wako. Kanga wa porini aliyetua juu ya paa lako si wako pia. Na kando ya maziwa kama Nakuru, Elementaita na Naivasha, ambako ndege ni utajiri wa taifa, jambo hili si dogo. Ziwa Nakuru ni mbuga ya taifa tangu 1968, na pamoja na Elementaita na Bogoria yaliingizwa mwaka wa 2011 katika orodha ya urithi wa dunia.

Basi mwenye bunduki atasema: siwindi, nalenga chupa. Hapa ndipo watu wengi hudhani wamepona.

Kwanza, tujue kwamba Katiba ya Kenya ya 2010 haimpi mtu haki ya kuwa na silaha. Tunataja hili kwa sababu vijana wengi wamelishwa filamu za Marekani, ambako katiba yao ina kifungu cha silaha tangu 1791, wakadhani kila nchi ni hivyo. Kwetu silaha ni ruhusa, na ruhusa hutolewa kwa masharti. Sheria ya Silaha, sura ya 114, ambayo asili yake ni ya zama za ukoloni, yataka kila mwenye silaha au risasi awe na cheti. Yataka aeleze sababu njema ya kuwa nayo. Na yataka mtoa leseni aridhike kwamba hapatakuwa na hatari kwa usalama wa watu. Mlevi na asiyekuwa na akili timamu hawapewi. Aliyepewa naye akikutwa amelewa huku amebeba bunduki, amekosa. Desemba 2018 serikali iliamuru raia wote wenye silaha wahakikiwe upya, jambo lililoonyesha kwamba hata cheti cha miaka ishirini si cha milele.

Mtu aliyepewa cheti kwa ajili ya kujilinda hakupewa kwa ajili ya kufurahisha wageni wake wa nyama choma. Sababu iliyoandikwa katika maombi ndiyo sababu. Tena, kiwanja kilichoandikishwa kuwa cha makazi hakiwi uwanja wa shabaha kwa kutundika ubao wenye duara juu ya mti wa mkrismasi. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 yataka ruhusa ya serikali ya kaunti kabla mtu hajabadilisha matumizi ya ardhi, na kanuni za kelele za mwaka wa 2009 nazo zipo. Ukiyaweka yote hayo pamoja na sheria ya jinai, ambayo humwadhibu anayefanya jambo la hatari kwa uzembe, utaona kwamba jawabu la swali letu la kwanza laelekea wapi. Hati ya kiwanja yakupa udongo. Haikupi anga iliyo juu ya nyumba ya jirani.

Sasa tuiache sheria kidogo, tuingie katika hesabu.

Baada ya uhuru mashamba makubwa ya Nakuru yalinunuliwa na makampuni na vyama vya kununua ardhi, kama Ngwataniro, yakakatwakatwa na kugawiwa wanachama. Wanachama wakawagawia watoto, watoto wakauza. Leo kipimo anachokijua kila dalali ni hamsini kwa mia, yaani futi hamsini upana na futi mia urefu. Futi mia ni kama mita thelathini. Risasi ndogo kabisa ya raifo, ile ya pointi mbili mbili ambayo watu huiita ya kuchezea, yaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja u nusu kabla ya kuanguka. Ya raifo kubwa yaweza kufika kilomita tatu na kupita. Mji wa Nakuru, uliotangazwa kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, umejaa kutoka miteremko ya Menengai hadi ukingoni mwa mbuga ya ziwa. Mtu aliyesimama ndani ya mita zake thelathini akikosa kopo lake, risasi itapita juu ya viwanja arobaini vya wenziwe ikitafuta pa kukaa. Itakapokaa hakuna ajuaye, maana risasi haina macho.

Wako wanaosema, basi tutapiga juu, kwani juu hakuna mtu. Ajabu ya mwanadamu! Kila kilichopanda hushuka. Majaribio yaliyofanywa na wanajeshi wa Marekani karne moja iliyopita yalionyesha kwamba risasi ya raifo iliyopigwa wima juu hurudi chini kwa mwendo wa kiasi cha mita tisini kwa sekunde. Huo ni mwendo wa kutosha kupasua fuvu la mtoto. Ikipigwa kwa mshazari, kama wengi wanavyofanya katika sherehe, hurudi na nguvu zaidi kuliko hiyo. Bati la nyumba za Nakuru halitaizuia.

Na ukuta je? Ukuta wa mawe huirudisha risasi, tena kwa pembe ambayo mpigaji hakuitarajia. Jiwe la Bonde la Ufa ni la volkano, gumu na lenye kingo. Maji nayo huirusha risasi kama vile watoto wa Forodhani warushavyo kigae kikaruka mara tatu juu ya bahari. Ndiyo sababu viwanja halali vya shabaha, vya jeshi na vya vilabu, hujengewa tuta refu la udongo nyuma ya shabaha. Udongo laini ndio humeza risasi. Pana mlinzi, pana bendera nyekundu, pana mstari ambao hapana mtu auvukaye mpaka mitutu yote imefunguliwa na kukaguliwa kuwa mitupu. Kambi za jeshi zipo Lanet na zipo Gilgil. Wanaokaa karibu nazo wanajua maana ya kuonywa kabla. Nani huonya mtaa mzima kabla bwana fulani hajatoa bunduki kabatini?

Jambo jingine dogo ambalo halitajwi: marisau na risasi nyingi zimetengenezwa kwa madini yenyewe yaitwayo risasi, ambayo ni sumu. Uani zikiachwa, kuku huzidonoa; zikianguka kando ya ziwa, bata na ndege wengine huzimeza wakidhani ni changarawe.

Tuje kwenye kisa ambacho Nakuru haitakisahau. Tarehe 19 Aprili 2005 askari wa Shirika la Wanyamapori waliingia Soysambu bila sare wakichunguza habari za nyama ya porini. Mmoja wao, Samson ole Sisina, alipigwa risasi na Thomas Cholmondeley, kitukuu cha yule Delamere wa kwanza, akafa. Cholmondeley alisema alidhani wale ni majambazi. Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Amos Wako, aliifuta kesi kabla haijasikizwa, na Wamasai wakaandamana kwa hasira. Mwaka mmoja baadaye, Mei 2006, katika shamba lilo hilo, mwashi aitwaye Robert Njoya Mbugua alipigwa risasi akafa. Alikuwa ameingia na wenziwe na mbwa, nao walikuwa wamepata swala. Cholmondeley alieleza kwamba alikuwa akiwapiga mbwa. Mei 2009 Jaji Muga Apondi alimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, si kwa mauaji ya kukusudia, akampa kifungo cha miezi minane juu ya miaka mitatu aliyokuwa amekaa rumande. Alitoka Oktoba mwaka huo, na Agosti 2016 akafariki baada ya upasuaji mjini Nairobi.

Visa hivyo viwili havikuwa vya kuchezea shabaha, na si haki kuvifanya kuwa hivyo. Tunavitaja kwa sababu moja. Soysambu si kiwanja cha hamsini kwa mia. Ni shamba la makumi ya maelfu ya ekari. Mwenye kushika bunduki alikuwa amezaliwa katika bunduki, akizijua tangu utotoni, mchana, tena katika ardhi ya baba zake. Hata hivyo, kwa maneno yake mwenyewe, alilenga mbwa na mtu akafa nyuma ya kichaka. Ikiwa katika upana wote ule mtu hakujua nani yuko mbele yake, yule wa Bondeni, wa Section 58 au wa Kihoto pale Naivasha atajuaje nani anaanika nguo nyuma ya ua?

Na watu wa huko wana sababu nyingine ya kuogopa mlio. Januari 2008 Nakuru na Naivasha ziliona damu baada ya uchaguzi. Majirani wakafukuzana, nyumba zikateketezwa na wenyewe ndani. Watoto wa wakati huo leo ni watu wazima wenye watoto wao. Mlio wa bunduki saa moja ya usiku hauwafikishii habari ya burudani. Huwafikishia habari ya kufunga mlango na kuzima taa. Mtu anayeona raha katika kelele hiyo na amuulize mke wa jirani yake aliyejifungua juzi.

Hatusemi kwamba kulenga shabaha ni jambo baya. Ni mchezo wa heshima, unashindaniwa katika Olimpiki, umewahi kushindaniwa katika Michezo ya Jumuiya ya Madola pia, na vilabu vyake vipo hata huku Bamburi. Wala sisi Waislamu hatuwezi kuubeza. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwahimiza maswahaba kujifunza kutupa mishale, akasifu watupao, na akamlaumu aliyejifunza kisha akaacha. Lakini ni yeye huyo huyo aliyemwamrisha apitaye msikitini au sokoni na mishale aishike penye vyembe ili asimdhuru Mwislamu. Ni yeye aliyekataza kumwelekezea ndugu yako chuma hata kwa mzaha. Na Ibn Umar alipowapitia vijana waliomfunga kuku wakamfanya shabaha, walitawanyika walipomwona, naye akawakumbusha kwamba Mtume amemlaani amfanyaye kiumbe hai kuwa shabaha. Tazama jinsi mafunzo hayo yalivyotimia: ruhusa ya mchezo, adabu ya mahali penye watu, na katazo la kuua kwa ajili ya kicheko. Vijana wetu wa pwani wanaowapiga kunguru, chiriku na njiwa kwa bunduki za upepo juu ya mapaa wangefaa kusomewa habari ya yule kuku.

Kisha kuna hukumu ya mwenye kuua kwa bahati mbaya, iliyomo katika Suratun-Nisaa. Kosa la kutokukusudia halikuachwa bure. Pana diya ya kuwapa wenye maiti wasiposamehe, na pana kafara, ambayo kwa asiyeweza kuacha mtumwa huru ni saumu ya miezi miwili mfululizo. Mtu akiijua hukumu hiyo hatasema tena kwamba ilikuwa ajali na yamekwisha. Miezi miwili ya kufunga yatosha kumfanya mtu akumbuke kila siku, alfajiri na magharibi, kwamba mahali fulani pana nyumba imepungua mtu.

Tunajua pia kwamba mambo ya viwanja vya binafsi vya shabaha si ya kubuni. Oktoba 2022 mwandishi wa habari wa Pakistan, Arshad Sharif, aliuawa na polisi katika Kaunti ya Kajiado akitoka upande wa Kwenia, ambako palikuwa na kambi ya binafsi yenye uwanja wa kulengea. Polisi walisema gari lilidhaniwa kuwa jingine, na Julai 2024 Mahakama Kuu ya Kajiado ikaamua kwamba mauaji hayo hayakuwa halali, ikaamuru mjane alipwe shilingi milioni kumi. Kosa lile ni la polisi, si la uwanja. Ila Wakenya wengi siku ile ndiyo waliyosikia mara ya kwanza kwamba viwanja vya namna hiyo vipo katika Bonde la Ufa, nani huviendesha, na nani huvikagua.

Kwa maoni yetu, serikali ya Kaunti ya Nakuru yafaa itangaze bila kuuma maneno kwamba hakuna shabaha katika eneo la makazi, na Bodi ya Leseni za Silaha iandike hivyo katika kila cheti kwa lugha ambayo mwenye cheti anaisoma. Anayetaka mchezo huo na aende kwenye klabu yenye tuta na mlinzi, alipe ada, afuate amri. Wenye mashamba makubwa ya kitalii wanaowaahidi wageni burudani ya bunduki nao waonyeshe vibali vyao kabla ya kupokea mgeni wa kwanza. Na wazazi wasidhani bunduki ya upepo ni mwanasesere wa kuletea mtoto Idi. Jicho likishatoka halirudishwi, na sheria hutazama kama mtutu huo waweza kuua, haitazami bei yake dukani.

Ama wewe uliyenunua kiwanja Nakuru ukasikia mlio nyuma ya ua, usiende kugombana. Usimfuate mtu mwenye silaha mkononi. Waingize watoto ndani, walale chini mbali na dirisha. Andika saa, hesabu milio, kumbuka ilitoka upande gani. Piga 999 au 112, na asubuhi yake nenda kituoni ukaandikishe habari, uombe namba ya kitabu cha matukio na uitunze. Ukiokota ganda la risasi au ukiona tundu katika bati, usiliguse. Mwite polisi alione palipo. Mwambie na mzee wa mtaa, maana huenda nyumba ya tatu nao walisikia wakanyamaza wakidhani ni wao peke yao.